Chumba changu ni kidogo, dramu ya mjomba ni kubwa: nifanyeje?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 31, nina studio ndogo hapa Isevya, Tabora Mjini. Ni chumba kimoja tu cha nyumba ya kupanga, mita 3 kwa 3.4, dari iko mita 2 na nusu kutoka sakafuni, juu yake bati. Meza ya kompyuta imo humo humo, na anayeimba anasimama upande wa pili karibu na kabati. Mpaka sasa nimekuwa nikirekodi sauti, gitaa na kinanda, na biti natengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Wateja wangu wengi ni vijana wa bongofleva wanaoanza, pamoja na kwaya.

Sasa kwaya moja ya vijana imeniletea kazi inayoninyima usingizi. Wanataka albamu ya nyimbo kumi yenye dramu iliyopigwa na mtu. Biti ya kompyuta hawaitaki. Katibu wao alinieleza vizuri: nyimbo zao zina mahali pa kuvuta na mahali pa kuachia, na kompyuta haijui kuachia. Wametoa malipo ya awali, na wanataka kazi ikamilike kabla ya Pasaka.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alipiga dramu kwenye bendi za dansi hapa Tabora kwa miaka mingi. Mimi nimekulia kwake. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu nne kabla sijajua jedwali la kuzidisha, na ada yangu ya sekondari ilitoka mfukoni mwake. Dramu yake anayo hadi leo: vipande vitano, yaani snea (ngoma fupi yenye nyuzi za chuma chini), kiki (ngoma kubwa ya mguu) ya inchi 22, tomu (ngoma za kati) za inchi 12 na 13, tomu ya chini inchi 16, na matoazi mazito ya ukumbini. Ilikuwa stoo, imefungwa kwa magunia ya tumbaku. Aliposikia habari za kwaya alikuja studio asubuhi, akapima chumba kwa hatua zake, akaniambia, "Mpwa wangu, dramu ipo, mpigaji yupo. Unatafuta nini tena?"

Nilishindwa kumjibu. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshajaribu kwa dramu ya kuazima kanisani, ya ukubwa ule ule, akapiga kijana anayepiga ibadani. Ilisikika kama mtu anapiga debe ndani ya tangi la maji. Kiki ilivuma ikafunika besi, snea haikuwa na mwili, na matoazi yaliingia kwenye kila maiki, hata ile niliyoiweka ndani ya kiki. Mama jirani, ambaye ana tatizo la presha, alimtuma mwanawe kutuomba tupunguze. Kesho yake mwenyekiti wa mtaa akapita "kusalimia".

Rafiki yangu niliyeanzisha naye studio, aliyetoa nusu ya fedha za vifaa, anataka dramu ya umeme. Anasema tutapiga hata usiku kwa hedifoni, hakuna atakayesikia, na mpigaji akikosea tunasahihisha kwenye kompyuta. Amesema wazi kwamba fedha yake haitaingia kwenye dramu ya kelele.

Moyo wangu mimi uko kwingine kabisa. Kuna seti ndogo katika duka moja Kariakoo, kiki ya inchi 18, tomu ya 10 na ya 14. Muuzaji amenitumia picha na naziangalia kila siku. Fedha tuliyo nayo inatosha kitu kimoja: ama dramu ya umeme ya daraja la kawaida, ama hiyo seti ndogo. Chumba kukitengeneza kutasubiri.

Hofu yangu ni hii. Nikinunua dramu nyingine yoyote, mjomba ataona nimemwambia kwamba yeye na dramu yake wamepitwa na wakati. Mke wake ameniambia kwamba kila jioni mjomba anakaa barazani na kitambaa, anapangusa pete za chuma na skrubu moja moja. Nikiichukua ya kwake, naharibu kazi ya kwaya, naharibu ujirani, na rafiki yangu anajitoa. Nikichukua ya umeme, kwaya watasema nimewarudishia kompyuta kwa mlango wa nyuma.

Ninunue dramu gani? Na mjomba nimwambie nini?

Mpwa, Isevya, Tabora


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi.

Barua yako ina maswali mawili, na umeyaandika kana kwamba jibu la moja litalijibu na la pili. Moja ni la ufundi: dramu ipi itarekodika vizuri katika chumba cha mita 3 kwa 3.4. La pili ni la ukoo: utamwambiaje mtu aliyekulea kwamba kitu chake hakifai, ikiwa kweli hakifai. Naomba tuyatenganishe kwa muda. Ukinunua dramu ili kumaliza jambo la ukoo, dramu utaipata na jambo litabaki pale pale.

Nianze na chumba, kwa sababu naona umekisamehe mapema mno. Uliposikia ile rekodi mbaya ulihitimisha kwamba dramu ilikuwa kubwa. Inawezekana. Ila dalili ulizozitaja zinanipeleka kwenye kuta kwanza. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kuta mbili zilizoachana mita 3 hukuza mlio wa karibu hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), zilizoachana mita 3.4 hukuza hezi 50, na kati ya sakafu na dari yako ni kama hezi 68. Mlio wa chini wa kiki, iwe ya mjomba au ya Kariakoo, unaangukia maeneo hayo hayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule uvumi uliofunika besi ni chumba kinachoitikia, na hata kiki ya inchi 18 kitaiitikia.

Hukusema dramu ya kanisani mliiweka wapi. Kwa chumba chenye meza na kabati, nadhani ilisukumwa kona. Kona ndiko uvumi wa chini unakojikusanya zaidi. Ukiipeleka katikati kabisa ya chumba nako utakuta mlio ule ule umekonda. Anzia kama theluthi moja ya urefu wa chumba, mtu apige kiki peke yake polepole, wewe vaa hedifoni, muwe mnasogeza kidogo kidogo. Ni kazi ya kuchosha na haina gharama, na sijaona dramu ya bei yoyote inayomwondolea fundi kazi hiyo.

Sasa ukubwa wenyewe. Kiki ya inchi 22 ina upana wa sentimita 56, ya inchi 18 ina sentimita 46. Tofauti kwenye sakafu ni upana wa kiganja, labda na kina kidogo. Sidharau kiki ndogo. Wapiga jazz wengi wanaipenda ya inchi 18 kwa sababu mlio wake ni mfupi na haidai kupigwa kwa nguvu, na ukiilegeza ngozi vizuri, kwenye maiki inaweza kusikika kubwa kuliko inavyoonekana. Lakini kilichokushinda siku ile, kwa maneno yako mwenyewe, ni matoazi. Toazi zito la ukumbini limetengenezwa lisikike juu ya gitaa na tarumbeta mbele ya watu wanaocheza. Ndani ya chumba chako sauti yake inagonga dari iliyo juu kidogo tu ya kichwa cha mpigaji, inarudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo, na hizo sauti mbili zinapokutana zinakulana. Snea yako nadhani ilipotezea mwili wake hapo. Kwa hiyo muulize muuzaji wa Kariakoo seti ile inakuja na matoazi gani. Seti nyingi za bei ya chini hufungashiwa matoazi ya shaba ya njano, makali masikioni. Ukiinunua kama ilivyo, kiki itakuwa ndogo na kelele zile zile. Matoazi mawili matatu membamba, yenye mlio mfupi, yanaweza kukusaidia kuliko dramu mpya nzima, hata yakifungwa kwenye stendi za mjomba.

Kuna jambo jingine ulilolipita haraka. Siku ya jaribio alipiga kijana wa ibadani. Huyo amezoea kujaza kanisa lenye watu, na mkono wake umejengeka hivyo. Mjomba wako hajapiga hata pigo moja mbele ya maiki zako. Umeipima dramu yake kwa dramu ya kuazima na mikono ya mtu mwingine. Wapigaji wa enzi za Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi za zamani za hapo Tabora, walirekodi bendi nzima kwa pamoja kwa maiki chache, na uwiano ulitoka kwenye vifundo vya mikono yao kabla haujafika kwa fundi wa mitambo. Mjomba amelelewa na shule hiyo. Inawezekana anajua kupiga kwa sauti ya chini bila wimbo kufa. Inawezekana pia miaka ya ukumbini imemfanya apige kwa nguvu kuliko kijana yule. Hatujui, wala wewe hujui, na ni la kulijua kabla fedha haijatoka.

Ningekuwa karibu ningekuomba ufungue lile gunia. Usipange vipande vyote vitano. Weka kiki, snea, haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) na toazi moja, tomu ziache stoo. Ndani ya kiki tia blanketi lililokunjwa, liguse ngozi zote mbili kidogo. Ngozi za zamani zikiwa zimekauka na kupata mabonde, badilisha angalau ya snea na ya kiki. Ngozi ndiyo inayoipa dramu sauti zaidi kuliko ubao wake, na yenye tabaka mbili huwa na mlio mfupi unaofaa chumba kama chako. Kisha tumia maiki tatu tu. Moja kwenye kiki. Ya pili juu ya snea, karibu mita moja. Ya tatu upande wa kulia wa mpigaji, juu kidogo ya mahali ambapo tomu ya chini ingekaa, ikiitazama snea. Chukua uzi, ushike katikati ya ngozi ya snea, upime: zile maiki mbili ziwe umbali ule ule kutoka hapo, ili pigo la snea lizifikie kwa wakati mmoja. Namna hii inajulikana kwa jina la Glyn Johns, fundi wa sauti wa Uingereza, na watu wa vyumba vidogo tumeipenda kwa sababu haidai maiki nyingi. Juu ya kichwa cha mpigaji ning'iniza godoro.

Kuhusu magodoro, niseme kwa kirefu kidogo maana vijana wengi wa studio wanapoteza fedha hapa. Trei za mayai hazisaidii kitu kwenye sauti za chini. Sponji nyembamba zinakula sauti za juu tu, zinaacha uvumi ule ule, na chumba kinakuwa kizito bila kuwa safi. Kinachofaa ni unene. Pamba tunayo, Igunga na Nzega wanailima. Fremu ya mbao iliyojazwa pamba unene wa sentimita 10 au zaidi, ikafunikwa kwa kitambaa kinachopitisha pumzi, ikaachwa na nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, inafanya kazi ya heshima. Weka mbili kwenye kona na moja juu ya dramu. Ila pamba inashika moto upesi, na sponji vile vile, kwa hiyo waya na soketi zikae mbali nayo. Na usimwahidi mama jirani kwamba pamba itamsaidia. Inapunguza mwangwi ndani, haizuii sauti kutoka. Sauti inatokea chini ya mlango, kwenye vioo vya madirisha, na kwenye uwazi kati ya ukuta na bati. Ukiziba vyote hivyo, Oktoba ya Tabora itakutoa humo kabla wimbo haujaisha, na mvua ikianza bati litakusimamisha kazi vyovyote vile.

Halafu masikio yenu. Kanuni inayotumiwa sana kazini ni kwamba desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio linavumilia kwa muda wa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unapungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo dramu ndani ya chumba kidogo inazifikia bila shida, muda ni dakika 15. Wewe unakaa chumba hicho hicho na mpigaji. Vaeni vizibo, na mjomba naye avae, hata akisema amezoea.

Naona rafiki yako ana hoja kuliko ulivyomwandika. Fedha yake imo, jirani analalamika kweli, na dramu ya umeme inajibu malalamiko hayo moja kwa moja. Wewe unasema kwaya wataiona ni kompyuta iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Hebu rudi kwenye maneno ya katibu: kompyuta haijui kuachia. Alichokataa ni mwendo wa mashine. Mtu akikaa kwenye dramu ya umeme na kupiga wimbo mzima kwa mikono na miguu yake, bila wewe kuja kumnyoosha baadaye, anayevuta na kuachia bado ni mtu. Huenda katibu akaridhika na hilo, huenda asiridhike. Muulize. Mchezee sauti mbili bila kumwambia ipi ni ipi.

Hatari zake nazo zipo. Seti za daraja la kawaida hazisomi vizuri mguso mwepesi, na haihati inayofunguka nusu huwa inasikika kama imefunguka yote au imefungwa yote. Brashi, vile vijiti vya nyuzi, hazifai kitu juu yake. Vijiti vikigonga raba vinasikika, kwa hiyo kwaya haiwezi kuimba chumba hicho hicho wakati dramu inapigwa. Waya au pedi ikifa, kipuri kinatoka Dar. Umeme ukikatika katikati ya wimbo unaanza upya, labda uwe na betri ya akiba. Na kuna mjomba. Wapo wazee wanaoipenda wakishaijaribu, kwa kuwa haiwachoshi mikono. Wapo wanaokaa dakika mbili, wakashuka na kusema hawasikii kitu chini ya mguu wao.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Dramu ya mjomba inaweza kuvuliwa ngozi zake ikavishwa ngozi za wavu, ambazo kelele zake ni ndogo sana, na kila kipande kikafungwa kihisio kinachopeleka pigo kwenye kompyuta. Mwili unabaki ule ule, kiti kile kile, sauti inatoka ndani ya programu. Matoazi yatabaki kuwa tatizo, ingawa yapo yaliyotobolewa matundu ambayo mlio wake ni mdogo sana. Lakini fikiri kabla ya kulitoa wazo hilo barazani. Kwa mzee mmoja hiyo ni dramu yake iliyopata maisha mapya. Kwa mwingine ni dramu yake iliyotolewa roho. Wewe unamjua, mimi simjui.

Na ikiwa moyo utaendelea kuvutwa Kariakoo, usinunue picha. Uliza mwili ni wa mti gani. Seti nyingi za kuanzia ni za popla, nyepesi na laini kwa mlio. Za bechi (birch kwa Kiingereza), mti wa nchi za baridi, hupendwa na watu wa studio kwa pigo lake kavu na lililonyooka, na bei yake iko juu zaidi. Tafuta mtu Dar akazione kwa macho. Avue ngozi moja, alaze ukingo wa ngoma juu ya kioo cha meza, amulike kwa ndani na tochi ya simu. Mwanga ukipenya chini ya ukingo, ngoma hiyo haitakubali kukazwa sawasawa. Azungushe kila skrubu. Na kwenye hesabu yako ondoa kwanza bei ya ngozi mpya na ya hizo fremu za pamba, ndipo uone kilichobaki kinanunua nini. Seti nzuri katika chumba kitupu cha simenti itakupa rekodi uliyokwisha kuisikia.

Nirudi kwa mjomba. Umeniandikia anavyopangusa pete, umeniandikia atakavyojisikia, lakini hukuniandikia alisema nini ulipomuuliza. Nadhani ni kwa sababu hujamuuliza. Ile asubuhi alikuletea vitu viwili: dramu ipo, mpigaji yupo. Wewe umesikia cha kwanza zaidi. Inawezekana kinachomkalisha barazani na kitambaa kila jioni ni cha pili, kwamba yupo na anaweza. Ikiwa ni hivyo, akialikwa kupiga nyimbo za kwaya juu ya seti nyingine, na akaombwa aichague au aikaze yeye mwenyewe, huenda lisiwe dogo kwake. Inawezekana pia ni kinyume: mikono imechoka, anajua, na anachotaka ni kusikia dramu yake ikilia tena, hata akipiga kijana. Mazungumzo ya namna hii hayaanzi kwa "mjomba, dramu yako ni kubwa." Yanaweza kuanza kwa kumwomba msaada wa masikio. Mwite siku ya jaribio, apige mwenyewe, kisha mvalishe hedifoni na unyamaze. Mtu aliyepiga miaka mingi anajua toazi linapofunika wimbo. Huenda akalitoa yeye kwenye stendi kabla hujafungua mdomo.

Sitakuficha kwamba njia hiyo nayo ina uchungu wake. Anaweza kuisikia rekodi na kuumia. Anaweza kusema maiki zako ndizo mbovu. Anaweza kupenda kile ambacho wewe unakiona kibaya, na hapo utalazimika kusema la kwako mbele ya mkubwa wako, kwa adabu, ukiwa fundi wa chumba hicho. Siku hiyo haitakuwa rahisi, na hakuna dramu inayoweza kukuepusha nayo. Mwombe mke wa mjomba ushauri kabla, maana amekwisha kukuonyesha kwamba anaona pande zote mbili.

Kwa rafiki yako sina mengi. Aje siku hiyo ya jaribio, asikilize pamoja nanyi, na mnayokubaliana kuhusu fedha muyaandike hata kama ni karatasi ya daftari. Msikilize anachohofia hasa. Ikiwa ni mama jirani, nendeni kwake wote kabla ya siku yenyewe, mjomba akiwa mbele, mkamwuliza saa gani huwa anapumzika, kisha mjulisheni mwenyekiti wa mtaa saa mlizopatana. Muda wa saa moja tu mchana, unaojulikana, unavumilika kuliko kelele zisizo na ratiba. Mkiona hata hiyo ni nyingi kwa hali yake, basi fikirieni kubeba kompyuta na maiki tatu mkarekodi dramu ukumbini kwingine, kanisani kwa kwaya yenyewe wazee wakiridhia, siku isiyo na ibada. Dari ya juu itapunguza lile tatizo la matoazi, na italeta mwangwi mrefu mtakaohitaji kuupunguza kwa mazulia na watu waliokaa.

Pasaka isikufanye ununue kwa haraka. Nyimbo kumi za kwaya zina kazi nyingi isiyohitaji dramu. Mnaweza kuanza na rekodi ya mwongozo tu: mjomba kwenye snea moja kwa brashi, gitaa na kiongozi wa kwaya, wote chumbani kwako, kwa mwendo wanaoupenda wao. Juu ya huo zije sauti, sehemu kwa sehemu, na dramu yenyewe ije mwisho. Ugumu wake ni kwamba mpigaji atalazimika kuifuata kwaya iliyokwisha rekodiwa, na palipoyumba patabaki pameyumba. Kwa hiyo wimbo wa kwanza usiwe ule mgumu. Chukueni wanaoujua kwa moyo, mwambie katibu kwamba huo ni wa majaribio, na malipo yake yaliyobaki yasubiri mpaka ausikie.